Chai Iliyopoa Kwenye Banda la Video

Mliniomba niandike, nikakubali kabla sijafikiria kwamba kuandika si kusema. Mkono unachoka upesi kuliko mdomo. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imelala mahali ilipopaswa kusimama, iamsheni wenyewe mwendelee na safari. Naandika Kiswahili kwa sababu nusu yenu mlioshika mabanda ya video sasa ni Waganda, nusu nyingine mlikulia ukimbizini Kenya nilikofikia utu uzima mimi, na Kiarabu chetu cha Juba kila mtu anakiandika kivyake.

Mishahara siitaji. Ilikuwa midogo na imekwisha. Cheo nacho sikupata, maana kwenye banda letu la mtaa wa Hai Mauna vyeo vilikuwa viwili tu, mwenye banda na wasio na banda. Nitawaambia kazi yenyewe: kutazama filamu kabla ya watu, kusema juu yake maneno machache ya kweli, na kuipa namba kati ya moja na tano kwenye ubao wa mlangoni. Nyinyi leo mnafanya hayo kwa simu, kwenye kikundi chenu, kila mtu na nyota zake. Mnatazama mkiwa mmelala chali na mnatoa hukumu filamu ikiwa bado katikati. Sisemi ni vibaya. Nasema nawaonea wivu, na kwa kuwa habari hii yote ni ya wivu, afadhali nianze na huo mdogo.

Sikuja bandani kutafuta kazi ya filamu. Nilikuja na msumeno. Nilikuwa seremala, nimerudi kutoka Kenya na sanduku la zana, na Mzee Kasozi, Mganda mwenye banda, aliniita nimtengenezee mabenchi kwa sababu watu walikuwa wanaanguka nayo. Asubuhi ile alikuwa anajaribu filamu mpya, yeye peke yake kwenye kiti, mimi chini ya benchi la tatu na nyundo. Filamu ilikuwa ya mtu anayekimbia. Alikimbia sokoni, akakimbia juu ya mapaa, akakimbia ndani ya treni ambayo yenyewe ilikuwa inakimbia. Nikasema kutoka kule chini, bila kuulizwa, "Huyu anakimbia kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Hakuna anayemfukuza."

Mzee Kasozi akasimamisha filamu, akainama kunitazama.

"Wewe iko na mdomo," akasema. "Toka hapo. Kaa juu ya benchi, sema tena."

Nikakaa, nikasema tena. Nikaongeza kwamba yule mwanamke alikuwa na akili kuliko mwanamume, na kama wangempa yeye bunduki tangu mwanzo tungekuwa tumeshakwenda kula. Mzee alicheka mpaka akafuta macho kwa shati. Akaniambia nimalize mabenchi, na nikimaliza nisiondoke.

Mabenchi niliyamaliza vizuri, na lazima niyasifu kidogo kwa sababu hakuna mwingine atakayefanya hivyo. Mbele ya kila benchi, kwa chini, nilipigilia ubao mwembamba kama rafu, mtu aweke glasi yake ya chai asiipige teke. Banda lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa turubai nyeusi, hata saa nane mchana ndani huoni mkono wako. Rafu zile zilinipa jina mtaani. Wakaanza kuniita Usta Wani, maana fundi kwetu huitwa usta. Baadaye rafu hizo hizo zikaniponza.

Zana za kazi mpya zilikuwa tatu: ubao, chaki na kitambaa kilicholoweshwa maji. Msifute chaki kwa mkono. Mkono haufuti, unatandaza, na kesho namba ya jana inachungulia nyuma ya namba ya leo kama mke wa kwanza. Ubao tuliupaka weusi wa betri kuukuu zilizosagwa na kuchanganywa na maji ya gundi. Mvua ikipiga unachuruzika hadi kizingitini na wateja wanaingia na miguu ya mkaa. Basi uingizeni ndani mapema, msingoje tone la pili.

Mzee Kasozi alinifundisha mambo machache na aliyarudia kila wiki kana kwamba ni mapya. La kwanza, nisiandike neno nzuri. "Nzuri ya nani?" alikuwa ananiuliza. "Andika nani anakuja." Kwa hiyo nikawa naandika: Waje waliogombana na mashemeji. Au: Wasije wenye haraka, hawa wanazungumza mpaka jenereta inachoka. La pili, nisiseme mwisho hata kwa mama yangu. La tatu, nitazame mpaka majina yapite yote, hata kama nimeichukia filamu tangu mlango ulipofunguliwa, kwa sababu mtu anayehukumu bila kufika mwisho ni sawa na mtu aliyeondoka kanisani kabla ya sadaka.

Filamu nyingi zilikuja bila jalada, na zikiwa na jina lilikuwa kwa maandishi ya Kichina. Nikawa nazipa majina mwenyewe. Mpishi Aliyemficha Waziri, namba tatu, chakula kinaonekana kitamu kuliko hadithi. Mama Wawili Mtoto Mmoja, ya Kihindi, namba nne, ingekuwa tano kama wasingeimba nyumba ikiungua. Mchungaji na Kisima, ya Nigeria, ilikuja sehemu nne. Ya kwanza niliipa tatu, ya pili mbili, ya tatu sikuelewa kwa nini iko, na ya nne ilinieleza kwa nini ya tatu ilikuwako lakini nilikuwa nimeshakasirika.

Kesi ngumu zilikuwako. Katekista mmoja alitoka Kator kwa miguu, jua la saa saba, kuja kuniuliza kwa nini nimempa namba nne padre mwongo. Nikamwambia padre amepata moja, ni filamu iliyopata nne. Akafikiri sana, akaingia kuitazama, akatoka akasema padre apewe mbili kwa sababu alitubu. Ngumu kuliko zote ilikuwa filamu ya vita. Niliiandikia sifa, nikaipa nne, na mchana watu walianza kutoka mmoja mmoja bila kelele, mama mmoja akiwa ameshika viatu mkononi. Walikuwa wameshayaona hayo bila kulipa kiingilio. Mzee Kasozi mwenyewe alitoka nje akafuta namba yangu, akaacha jina la filamu tu. "Hii haina namba," akaniambia. Tangu siku ile nilijua kuna filamu ambazo kazi ya mwenye ubao ni kuonya, kisha kunyamaza.

Sasa nimfikie Mama Keji, ambaye nimekuwa nikizunguka nisimfikie.

Alikuja na kiti kifupi, jiko la mkaa na sinia, akakaa kando ya barabara mbele ya banda. Alikuwa amerudi kutoka Uganda, na binti yake mmoja, Keji, alikuwa amemwacha shuleni kule. Chai yake ilikuwa na tangawizi na karafuu, kwenye glasi ndogo nene, sukari imekaa chini kama mchanga. Mzee Kasozi alimruhusu aingie na sinia filamu ikiendelea. Alikuwa anaingia, anagawa, anatoka, anaingia tena kukusanya. Filamu nzima hakuwahi kuiona hata moja. Aliona vipande, kama mtu anayetazama harusi kupitia uzio.

Siku moja niliandika ubaoni maneno marefu juu ya filamu ya baba na mwanawe wa kambo. Niliyafanyia kazi asubuhi nzima. Niliipa tatu. Mwanamume mmoja alisimama akasoma yote, midomo ikitembea, halafu akamgeukia Mama Keji aliyekuwa anatoka na sinia.

"Mama Keji, ikoje hiyo ndani?"

"Sijui," akasema. "Lakini leo wanaume wanakohoa sana."

Yule mtu aliingia mbio. Nyuma yake wakaingia wengine waliokuwa wamesimama tu. Kila mtu Juba anajua mwanamume anakohoa gizani akiwa anaficha machozi. Maneno matano, na aliyasema bila hata kusimama. Mimi nilikuwa nimeandika mistari sita na hakuna hata neno moja ndani yake lililokuwa linakohoa.

Nilimfuata kwenye jiko lake.

"Wewe filamu huijui mwanzo wala mwisho," nikamwambia. "Unawaambiaje watu?"

"Usta, wewe unatazama skrini," akasema, akipepea mkaa. "Mimi natazama glasi. Chai ikirudi imejaa, filamu imewashika mpaka wamesahau kunywa. Ikirudi tupu, hawakuwa na kazi nyingine."

"Na kama ni chai ndiyo mbaya?"

"Basi ingerudi imejaa kila siku, na wewe ungekuwa na filamu nzuri kila siku. Kunywa hiyo kabla haijapoa."

Nilikunywa, na ilikuwa tamu, nayo ikaniudhi.

Nataka mnielewe vijana wangu. Wivu wa mapenzi naujua, nimeupitia, una msimu wake. Wivu wa kazi unaamka na wewe na kupiga mswaki na wewe. Nilianza kusikiliza nyuma ya turubai anachowaambia watu. "Ingia na mtu wa kukushika mkono." "Hiyo ya leo nimemmwagia mtu chai na hakugeuka." "Wanaangalia saa, na humo ndani hakuna mwenye saa." Kila neno lilinichoma kwa kuwa lilikuwa fupi na kwa kuwa lilikuwa kweli. Nikaanza kufupisha maneno yangu, na yangu yakifupishwa yalibaki mafupi tu. Nilimwonea wivu sauti, nikamwonea sinia, mpaka nikaionea wivu ile hali yake ya kutojali kama anasikilizwa.

Ndipo likaja jambo la paa. Askari wa jiji walikuwa wameanza kuwaondoa wauza chai kando ya barabara, mtaa kwa mtaa, wakipiga majiko teke. Wakati huo huo Mzee Kasozi alikuwa anajenga kibaraza cha mabati mlangoni, ndani ya uwanja wake ambamo askari hawaingii. Nafasi yake ilikuwa ya meza moja na mtu mmoja. Alituita wote wawili.

"Watu nje wananiambia ubao inasema hivi, chai inasema vile," akasema. "Mlango moja, mdomo moja. Anashika ubao, anakaa hapa. Mwingine ataniwia radhi."

Mama Keji akasema, "Mzee, kuandika najua kidogo tu."

"Usta pia najua kidogo," Mzee akajibu.

Jambo lilikuwa wazi kabisa, na siwezi leo kujifanya sikulielewa. Akipata ubao yeye, anapata paa, anauza chai yake palepale na karo ya binti inaendelea. Akiukosa, siku askari watakapofika Mauna anabeba jiko na kuondoka. Mimi nikiukosa, nilikuwa na useremala. Mikono yangu ilikuwa mizima. Lakini nilikuwa naitaka ile meza kama mtoto anavyotaka kitu kwa sababu kiko mkononi mwa mwenzake.

Shindano alilipanga Mzee. Jumamosi mbili, saa nane mchana. Kila mmoja wetu achague filamu moja. Kila anayeingia apewe chai ya Mama Keji, na mwishoni Mzee mwenyewe ahesabu glasi zilizobaki zimejaa kwenye rafu zangu. Hicho ndicho kipimo alichokiamini, na kilikuwa cha mshindani wangu, jambo ambalo nalo lilinikera.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa yangu. Nilichagua ya mapigano, mtu na ndugu yake pacha wanatafutana bandarini wauane, kisha hawakumbukani kwa sura. Watu walipiga makofi. Glasi zilizojaa zilikuwa tisa.

Filamu ya Mama Keji aliipata kwa kunusa tu, kwenye rundo la zile ambazo nilikuwa nimeziweka kando. Sijui ilitoka nchi gani. Niliitazama asubuhi ya Jumamosi yake, kama kazi yangu ilivyotaka. Ni bibi kizee ambaye nyumba yake imeungua ukabaki mlango tu, wa mbao, mzito. Anaufunga mgongoni na kutembea nao siku nyingi mpaka mjini kwa binti yake, kwa sababu hataki kufika mikono mitupu. Hakuna bunduki. Hakuna wimbo. Usiku anaulaza chini na kuulalia, mtoni anaelea juu yake, na kila kijiji wanamcheka. Mimi ni seremala. Najua uzito wa mlango. Nilikuwa na glasi ya chai mkononi filamu ilipoanza, na nilipoikumbuka tena ilikuwa imeota utando.

Nikatoka nje, nikachukua chaki, nikaandika: Wasije wenye haraka. Namba mbili.

Mchana watu waliingia hivyo hivyo, kwa ajili ya chai ya bure na kwa ajili ya Mama Keji. Glasi ishirini na nane ziligawiwa. Nilisimama nyuma. Hapakuwa na makofi wala mtu wa kupiga mluzi. Walikuwako wakohozi, kama msimu wa vumbi. Filamu ilipokwisha hakuna aliyenyanyuka mpaka majina yakapita yote, na majina yenyewe hakuna hata mmoja aliyeweza kuyasoma.

Walitoka polepole kwa mlango wa mbele, ambako Mzee Kasozi alikuwa amesimama akisikiliza wanasema nini. Mimi nikazunguka nikaingia kwa mlango mdogo wa jenereta. Nikapiga magoti na kupapasa rafu zangu. Nilizijua kila msumari. Glasi zilizojaa zilikuwa kumi na tisa.

Nikaanza kunywa.

Ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili na ya tatu nilikunywa kwa haraka na ile sukari ya chini ikanikwama kooni kama ugoro. Ya tano ilikuwa na inzi, nikamtoa. Kwenye ya saba tangawizi ilinipanda puani nikatokwa machozi, na nilifurahi kwamba angalau nitaonekana nimeguswa na filamu. Nilikuwa nahesabu. Tisa ilikuwa yangu, kwa hiyo yake ilitakiwa iwe nane. Nilikunywa kumi na moja nikiwa nimepiga magoti, nikafuta mdomo, nikatoka nilikoingilia.

Mzee Kasozi aliingia na tochi. Akahesabu mara mbili, kwa sababu alikuwa mtu wa haki.

"Nane," akasema. Alionekana kushangaa. "Usta iko na tisa."

Mama Keji alipita na sinia, akakusanya glasi moja moja. Mimi nilishindwa kukaa kupongezwa. Jioni yote nilikuwa nakwenda uani na kurudi, na watu wakasema furaha imemshika Usta tumboni.

Askari walifika Mauna kabla msimu wa mvua haujaisha. Mama Keji hakungoja jiko lipigwe teke. Alimwaga mkaa, akalifunga jiko kwa kanga pamoja na glasi zake, akaja kuniaga kwenye kibaraza.

"Nakwenda Jebel sokoni," akasema. "Kaa vizuri, Usta. Paa hilo lina tundu hapo kwenye kona, uliangalie."

Lilikuwa nalo kweli.

Nikabaki na meza na ubao. Aliyekuja kuuza chai baada yake alitumia vikombe vya plastiki ambavyo watu waliviponda na kuvitupa, ukitazama sakafuni huwezi kujua lolote. Nikaandika kama zamani. Mzee Kasozi alikuwa anasimama mbele ya ubao, mikono nyuma. "Imekuwa kama barua ya ofisi," akaniambia siku moja. Hakunifukuza. Angenifukuza ningeumia kidogo kuliko kwa maneno hayo.

Ndipo nikafanya kile ambacho hakuna mtu Mauna aliyekijua. Filamu mpya zilikuwa zinafika banda la Jebel Alhamisi na kwetu Jumamosi. Mama Keji alikuwa anapeleka sinia kwenye banda lile pia, ingawa kule hawakumpa kibaraza wala ubao. Alikaa nje juani, chini ya mwavuli, na mlima nyuma yake. Kila Ijumaa asubuhi nikawa napanda boda mpaka Jebel, nakaa kwenye kiti chake kifupi kama mteja, naagiza chai, na nauliza kana kwamba napitisha muda.

"Ile ya daktari wa ng'ombe ikoje?"

"Sehemu ya kwanza wamekunywa. Ya pili hakuna aliyegusa glasi."

"Na ile ya Kinaijeria?"

"Wanawake wawili wamegombana kwa ajili yake nje hapa. Nenda kaitafute."

Jumamosi maneno yake yalikuwa ubaoni kwangu, kwa mwandiko wangu. Mzee Kasozi alifurahi kwamba nimerudi kuwa mtu. Aliondoka kwenda kwao akiwa bado anafurahi, akawaachia banda nyinyi. Na hayo maneno mnayoyaandika kwenye kikundi chenu filamu ikiwakuna, "wanakohoa", nayo mnasema ni ya Mzee Wani, sasa mnajua si yangu. Miaka yote ile nilikuwa karani wa mwanamke niliyemnyang'anya meza. Na bado nilimwonea wivu. Nilikuwa nakaa mbele yake nakunywa, nasikia anasema sentensi ambayo ningeitafuta siku tatu, na moyo unaniuma kwamba hata kuitunga haitungi, inamtoka tu kama jasho.

Macho yangu yalipoanza kuingia ukungu daktari alisema niachane na skrini. Mkanifanyia sherehe bandani, mkanipa kiti chenye mto, na mmoja wenu akasimama akaniita baba wa ubao. Nilikaa kwenye kile kiti nikaona hakikaliki.

Kesho yake asubuhi nikaenda Jebel. Haikuwa Ijumaa. Mama Keji aliniangalia akajua.

"Leo huna filamu," akasema.

"Ninayo ya zamani. Ile ya bibi na mlango. Nilikunywa chai, Mama Keji. Glasi kumi na moja."

Alikuwa anaosha glasi kwenye beseni. Hakuacha kuosha.

"Najua. Chai iliyokaa inaacha mstari kwenye glasi, pale juu. Nilikusanya glasi kumi na moja tupu, zote na mstari. Nani anaiacha chai mpaka ipoe, halafu anaimaliza yote?"

"Mbona hukumwambia Mzee?"

"Nilitaka ubao kwa kushinda, si kwa kushtaki." Akaikung'uta glasi maji. "Keji alikaa nyumbani muhula ule mzima kwa kukosa karo. Nilikuwa na hasira na wewe mwaka mzima. Kila ulipokuja hapa nilikutilia tangawizi mara mbili."

"Nilidhani ndivyo unavyopika."

"Nilijua unadhani hivyo. Ndiyo maana niliendelea."

Akanimiminia chai, akaniwekea mkononi, akauliza, "Wewe ungeipa ngapi kwa kweli?"

"Tano."

"Simama useme watu wasikie. Siku ile uliandika mbili na watu wakasoma."

Walikuwako wateja watano, watatu wa boda na akina mama wawili wenye mboga. Nikasimama na glasi yangu. Nikasema filamu ya bibi aliyebeba mlango ni namba tano, na kwamba mimi niliiandikia mbili kwa wivu, na nikanywa chai za watu kwa wivu, na maneno yangu mazuri yote yalikuwa ya huyu mama hapa. Wakanitazama. Mmoja wa boda aliweka glasi chini.

"Filamu gani hiyo, Mzee? Hatuijui."

Basi nikawasimulia. Sikusema mwisho. Niliwaeleza jinsi anavyoufunga mlango kwa kamba mbili na bawaba zinavyomkata bega, na jinsi kitasa kinavyogonga kila anapopiga hatua. Nadhani sijawahi kusimulia filamu vizuri kama siku ile. Wale akina mama walikuwa wameacha kupanga mboga. Nilipomaliza nikaona hata yule wa boda chai yake haijapungua.

Halafu wote watano wakageuka kwa Mama Keji.

"Mama, ni kweli ni tano?"

Alichukua muda wake. Alifuta glasi, akaipanga kwenye sinia na nyingine, akatazama kama zimekaa sawa.

"Nne na nusu," akasema. "Binti anafungua mapema mno. Bibi angegonga mara moja zaidi."

Wakaitikia kwa vichwa, wakarudi kwenye chai zao. Mimi nikakaa. Filamu ile niliitazama mwanzo mpaka majina yalipokwisha, yeye aliipitia na sinia tu, na alikuwa sahihi.